Karatasi ya Msiba Mlangoni mwa Tatsuyo

Watu wa mjini wakisikia mapukutiko yamefika wanalegea. Wanapanda treni na kamera shingoni, wanakwenda milimani kutazama majani mekundu, wanakaa chini ya miti wanakunywa chai na kufuta machozi, eti dunia inapita. Haya, shauri yao. Sisi wa Kazura hatuna haja na majani. Mpunga ukishakatwa mashina yakabaki mashambani kama ndevu za siku tatu, na ule mti wa vijiua vya rangi ya chungwa ukaanza kunukia kila uchochoro, hapo mwanamume wa Kazura hali akashiba, halali akatulia, na ukimgusa bega anakupiga. Mungu wetu wa mavuno hataki kushukuriwa kwa makofi na nyimbo. Anataka kusikia mbao zikipasuka. Machela zake mbili, zenye paa la shaba na uzito wa kuvunja mgongo wa ng'ombe, hupandishwa mabegani, zikakimbizwa na kugonganishwa mpaka zisagike, na kadiri zinavyosagika ndivyo mpunga wa mwakani utakavyojaa. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha.

Vitongoji vyetu ni saba, na kila mwaka kitongoji kimoja ndicho kinachobeba. Ukikosa zamu yako, unangoja miaka saba. Watoto wa Kazura wanajua kuhesabu kwa saba kabla hawajajua kuhesabu kwa mbili.

Tatsuyo, mchuuzi wa samaki wa kitongoji cha Hamanaka, aliyapima maisha yake kwa saba hizo. Zamu ya kwanza baada ya kuolewa, mumewe Kanehiro alirudi nyumbani pua imelala upande, anacheka, damu imemtapakaa mpaka kitovuni, akamnyanyua mtoto wao wa miaka mitatu juu ya kichwa na kumwonyesha jirani dirishani. Zamu ya pili Kanehiro hakurudi. Machela iliinama kushoto, boriti ikamshukia shingoni, na walipomvuta kutoka chini yake Tatsuyo alimtambua kwa miguu. Kanehiro alikuwa na miaka thelathini na moja.

Watu walisema ni siku yake ilikuwa imefika. Tatsuyo alijua zaidi ya hapo. Kwetu wanawake hukaa kwenye ngazi za mlimani kutazama, nao wana ruhusa ya kupiga mayowe, kutukana, hata kurusha maganda ya machungwa, ila mwiko ni mmoja: usimwite mtu jina. Mbebaji akisikia jina lake hugeuza kichwa, na kichwa kikigeuka bega linashuka. Siku ile, machela ilipoanza kuinama, Tatsuyo alisahau mwiko. Aliita, "Kanehiro!" Akamwona amegeuka. Kelele zilikuwa nyingi, kila mmoja na mayowe yake, hakuna aliyemnyooshea kidole. Lakini yeye alimwona amegeuka.

Tangu hapo akawa na mkono mwepesi. Kichwa cha samaki alikikata kwa pigo moja, hakurudia, na mteja aliyebonyezabonyeza samaki bila kununua alipigwa kwa samaki huyohuyo. Mwanawe Mitsugu alimlea hivyohivyo, kwa makofi na samaki bora kuliko waliouzwa. Zamu ya tatu ilipofika Mitsugu alikuwa na miaka kumi na saba, akakataliwa kwa mwaka mmoja tu. Zamu ya nne alikuwa na ishirini na minne, kifua kama mlango, lakini bibi yake mzaa baba alikuwa amefariki mwezi wa saba, na nyumba yenye msiba ni najisi mwaka mzima. Watu wake hawapiti chini ya lango la hekalu, sembuse kugusa machela. Mitsugu akakaa nyuma ya madirisha yaliyofungwa, akisikia ule mshindo wa mbao kwa mbali, akajiuma mkono mpaka nyama ikafunguka. Tatsuyo alimfunga kidonda akiwa amenuna. Moyoni alikuwa anamshukuru marehemu.

Sasa ilikuwa zamu ya tano. Mitsugu alikuwa fundi wa kuezeka vigae, umri thelathini na moja, amepewa boriti ya mbele, kushoto. Mahali pa baba yake. Umri wa baba yake.

"Waachie wengine, mwanangu," Tatsuyo alimwambia siku alipoleta habari.

"Wengine kina nani, mama? Nimewaachia miaka saba, nikawaachia na saba mingine."

"Baba yako..."

"Baba alikufa amebeba. Mimi nitakufa nimebeba nini? Vigae?"

Basi akabaki na tumaini moja, na tumaini hilo, Mungu atusamehe sote, lilikuwa limelala chumba cha nyuma. Mkwewe, mzee Tomekichi, alikuwa na miaka themanini na minne na maji kwenye mapafu. Zamani ndiye aliyekuwa jemadari wa machela, mwenye pepeo jekundu la kuamrisha. Sasa hakuweza kujigeuza. Daktari alisema wiki moja, pengine pungufu. Akifa kabla ya sikukuu, Mitsugu habebi. Zamu ikija tena atakuwa na thelathini na minane, na wa thelathini na minane hawapewi boriti ya mbele.

Mzee naye alijua hesabu hiyo. "Sifi mpaka sikukuu ipite," alisema. "Siku ya pili yake nichomeni."

"Nani amekuambia ufe, baba? Kunywa uji."

"Uji wako una miba ya samaki."

"Una meno gani ya kulalamikia miba?"

Alimfuta kidevu, akamgeuza, akamsafisha chini kama alivyomsafisha miezi minane, na alipokuwa akimsugua mgongo alikuwa anamwomba kimoyomoyo: kufa, baba. Kufa Alhamisi. Kufa Ijumaa. Tafadhali. Alimpenda mzee yule. Alitaka afe. Yote mawili yalikaa ndani yake, wala moja halikulisukuma jingine.

Jumamosi ya sikukuu ilimkuta mzee hai. Hakuwa amefungua macho tangu jana yake mchana, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Alfajiri Mitsugu alijifunga kitambaa kirefu cheupe tumboni, kikamkaza mpaka akawa anapumua juujuu, akamwinamia babu yake, akaondoka na wenzake kwenda kuoga baharini, kama wanavyofanya wote ili waingie hekaluni safi.

Tatsuyo akachukua kioo kidogo, akakiweka mbele ya mdomo wa mzee. Kioo kikaingia ukungu. Akakitazama. Akakifuta kwa mkono wa vazi lake, akakirudisha mfukoni. Hafiki saa sita, aliwaza. Leo ni leo, kama si sasa ni baadaye kidogo, na nani atakayekuja na saa kupima? Akatoa wino na brashi, akaandika karatasi ya msiba kati ya mistari miwili myeusi, akaibandika mlangoni, akafunika kijumba cha miungu cha ukutani kwa karatasi nyeupe, akakaza mshipi, akaenda mbio.

Usimhukumu upesi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Hekaluni uwanja ulikuwa umejaa wanaume wa Hamanaka, nusu uchi, maji ya chumvi yanawachuruzika, wamekwisha kunywa pombe ya mchele, wanagongana vifua na kutoana damu puani ili kupata moto. Tatsuyo alifika langoni, akasimama. Hakuvuka. Vidole vyake vya miguu viliishia nje kidogo ya kamba takatifu. Mtu wa Kazura akimwona jirani amesimama nje ya lango siku ya sikukuu, anajua ana maiti nyumbani. Kelele zikakatika mstari baada ya mstari mpaka kimya kikamfikia Mitsugu, aliyekuwa ameshaweka bega chini ya boriti.

Mkuu wa kitongoji, Bwana Morisada, mtu mnene mwenye sauti ya ng'ombe, alikuja mpaka kambani. "Mzee?"

"Mzee," Tatsuyo akajibu.

Morisada akainamisha kichwa, kisha akageuka. "Mitsugu. Pole, ndugu yangu. Toka."

"Sitoki."

"Toka kwa heshima."

"Heshima ya nani? Miaka kumi na minne! Mkinitoa, nitoeni vipandevipande!"

Wakayashika maneno yake. Watu kumi walimvamia, wenzake wa kunywa, watu aliowaezekea nyumba. Alikuwa ameikumbatia boriti kwa mikono na miguu, wakawa wanamng'oa kidole kimoja kimoja, na kidole kimoja kikalia ko! kama kijiti. Alimpiga mmoja kwa paji la uso, meno ya mwenziwe yakamkwama kwenye nyusi. Morisada alimkaba kwa nyuma, mwingine akamtia goti tumboni pale kitambaa kilipofungwa, na hata hapo hakuachia, mpaka walipomkanyaga mikono. Wakamburura kifudifudi juu ya kokoto, wakamtupa nje ya lango miguuni mwa mama yake. Kisha, kama dini inavyotaka, wakamrushia chumvi ya kufukuza najisi. Iliingia kwenye majeraha yote.

Mitsugu alimtazama mama yake kutoka chini. "Saa ngapi?"

"Ulipokuwa baharini."

Akalia. Dume zima, mbele ya kitongoji kizima, analia kwa sauti huku damu inamwingia kinywani. Nafasi yake akapewa Ryohei, mwana wa kinyozi. Tatsuyo akamshika mwanawe mkono akamrudisha nyumbani, na nikisema alikuwa na huzuni nitakuwa nadanganya. Mwana alikuwa hai, mkono wake una joto. Hayo mengine yangepona.

Nyumbani walimkuta jirani yao Fumie amekwisha ona karatasi mlangoni akaingia na ubani na bakuli la wali wa marehemu. Alikuwa amepiga magoti kichwani pa mzee, anamfunika uso kwa kitambaa cheupe kilichookotwa jikoni.

"Toeni kitu hiki," kitambaa kikasema. "Kinanuka samaki."

Fumie alipiga yowe, akarudi kinyumenyume akakalia bakuli la wali, akapita mlangoni bila viatu. Walimsikia mpaka mwisho wa uchochoro: "Amefufuka! Jamani, amefufuka!"

Mzee Tomekichi alifungua jicho moja, akalielekeza kwa mjukuu. "Mbona uko hapa? Zamu imeisha?"

"Wamenitoa, babu. Kwa sababu ya msiba."

"Nani kafa?"

"Wewe."

"Mimi? Nani kasema?"

Macho ya Mitsugu yalimhamia mama yake polepole. Tatsuyo alisimama na kioo mfukoni.

"Wewe," Mitsugu alisema. Hakusema mama. "Wewe ulijua."

Akanyanyua ngumi. Tatsuyo hakukwepa. Mitsugu akageuka akaipiga nguzo ya nyumba, ngumi yenye kidole kilichovunjika, mara tatu, mpaka vumbi la dari likawamwagikia. Akatoka akaichana ile karatasi mlangoni, akaitafuna, akaitema.

"Njoo unipige," Tatsuyo alisema. "Nipige mimi, mwanangu, nguzo ina kosa gani?"

"Acheni upuuzi," mzee alisema. Ilimchukua pumzi mbili kulitoa neno hilo. Akamwashiria mkwewe asogee, na alipoinama akamshika sikio akalivuta mpaka mdomoni kwake. "Kanehiro alikuwa mwanangu kabla hajawa mumeo. Siku ile nilikuwa nimesimama chini ya ngazi zenu. Nilikusikia ukimwita."

Tatsuyo akataka kujivuta, mzee hakuliachia sikio.

"Miaka ishirini na moja sijasema. Ningesema ungekufa, na mtoto angebaki na nani? Basi leo na wewe nilipe. Usifungue mdomo kule ngazini." Akamwachia sikio. "Mitsugu! Pepeo langu liko wapi? Nibebe. Twende wakaone maiti inayotukana."

Ndivyo Kazura ilivyomwona mzee Tomekichi akishuka mlima mgongoni mwa mjukuu, na vazi la kulalia, miguu mikavu inaning'inia, pepeo jekundu mkononi, na nyuma yao Tatsuyo amebeba mto. Umati ulipasuka kumpisha. Vikongwe viliunganisha viganja. Mlevi mmoja aliapa kuacha pombe papo hapo, na aliiacha kwa siku nne.

Uwanja wa kugonganisha uko bondeni, mlima umeuzunguka kwa ngazi za mawe. Mgongano wa kwanza ulikuwa umekwisha. Paa la machela moja lilikuwa limebonyea, watu wawili wamelazwa pembeni wanatapika, na Ryohei, mwana wa kinyozi, alikuwa ameshika sikio lililoning'inia kwa ngozi tu.

Morisada alikuja mbio, mikono imetanda. "Mzee, mzee! Shikamoo mzee. Lakini hatuwezi. Tumekwisha mrushia chumvi."

"Basi ilambe," mzee akamwambia, akamtandika pepeo la uso.

Watu waliangua kicheko ambacho hakijasahaulika. Ikaletwa ndoo ya maji ya bahari, ikamwagwa juu ya kichwa cha Mitsugu, naye akamkabidhi babu kwa mama yake bila kumtazama usoni, akaenda kuweka bega mahali pa baba yake.

Tatsuyo alikaa ngazi ya chini kabisa, amempakata mzee mbele yake, mgongo wa mzee kifuani pake, mikono yake imemzunguka kiunoni. Mzee alikuwa mwepesi mno. Machela zilirudi nyuma hatua hamsini kila moja. Mzee akanyanyua pepeo.

Zikaja. Ukikaa karibu huoni machela, unaona nyayo tu, mamia ya nyayo zinapiga udongo, halafu ardhi inaruka chini ya makalio. Boriti zikagongana, vipande vya mbao vikaruka mpaka ngazi ya nne, mtu akapigwa na kipande shavuni kikatokea upande wa pili, na wenzake wakamkanyaga wakisonga mbele kwa kuwa nyuma hapakuwa na nafasi. "Boriti juu!" mzee alipiga kelele, na kweli ilikuwa sauti ya jemadari, haikutoka kwenye mapafu yenye maji. "Kushoto! Mitsu... kushoto, mbwa nyinyi, juu!" Alikaribia kuvunja mwiko mwenyewe, akalimeza jina. Machela zikasimama wima zikisukumana, zikaachana, na boriti ya mbele kushoto haikushuka hata kidogo.

"Umeona?" mzee aliuliza.

"Nimeona, baba."

Alivuta pumzi, akaishikilia. Kisha kichwa chake kikalala begani kwa Tatsuyo, na joto la maji likatambaa mapajani mwao wote wawili. Tatsuyo alingoja pumzi nyingine. Haikuja. Safari hii hakuhitaji kioo.

Mgongano wa tatu ndio wa mwisho, nao ndio wa kuua. Machela zilikuwa zinarudi nyuma. Angesema neno moja tu, "Amekufa," na lingeruka ngazi kwa ngazi, Morisada angelisikia, wangesimamisha, wangemtoa Mitsugu. Kile alichokiiba asubuhi sasa alikuwa nacho mkononi kihalali. Sheria ilikuwa upande wake. Lakini wabebaji walikuwa wameanza kukimbia, na habari ile ingewafika katikati ya mbio, na kichwa kimoja kingegeuka. Alikuwa amekwisha kiona kichwa hicho kikigeuka.

Akamkumbatia mzee akamketisha wima. Akaupitisha mkono wake chini ya mkono wa maiti, akaushika mkono wenye pepeo, akaunyanyua juu.

Umati ukapiga ukelele wa furaha kumwona mzee anaamrisha.

Mgongano ulikuja. Machela ya akina Mitsugu ilipanda juu ya mwenzake, ikakaa hapo kwa muda wa kumeza mate, halafu ikaanza kuinama kushoto. Kushoto, kama siku ile. Wanaume wa upande wa pili wa machela hiyo waliachia mmoja mmoja, wengine walitupwa. Tatsuyo alimwona mwanawe amebaki na boriti begani, shingo imevimba, miguu inazama kwenye udongo, na mdomo wake yeye ukafunguka wenyewe na jina likaja mpaka kwenye meno.

Akainamisha uso akauma kola ya mzee. Aliuma kitambaa na ngozi ya shingo chini yake, akaonja chumvi, akanguruma humohumo kooni kama mbwa mwenye mfupa. Mkono wake uliendelea kunyanyua pepeo la maiti. Juu, juu, juu.

Mitsugu hakugeuka. Bega lake lilivunjika, mshindo wake ulisikika mpaka ngazini, lakini kichwa kilitazama mbele, na kwa kuwa kilitazama mbele aliona pengo, akatumbukia humo ubavuubavu, na machela ikaanguka pale alipokuwa amesimama. Paa la shaba lilipasuka kama yai. Vumbi likapanda. Likashuka. Na kutoka ndani yake akatoka mtu amekunjika upande mmoja, mkono unaning'inia, mwekundu kutoka nywele mpaka magoti, anacheka kama baba yake.

Alikuja moja kwa moja mpaka ngazini, akapiga magoti mbele ya mzee. "Umeniona, babu? Umeniona?"

Mzee alikuwa amekaa, kidevu kifuani. Mitsugu akamshika mkono wenye pepeo. Vidole havikuachia. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Alitazama alama za meno shingoni mwa babu yake, akatazama damu kwenye midomo ya mama yake.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu mgongano wa pili."

"Ulijua. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Nyuma yao Morisada alikuwa anakuja, anatweta, shavu moja limechanika, mikono imeunganishwa mbele kwa adabu. "Mzee Tomekichi! Tumepatia, mzee? Mungu ameridhika?"

Mitsugu alisimama akajiweka kati yao.

"Ameridhika sana," alisema. "Amesinzia. Mtu wa miaka themanini na minne, mnamfufua asubuhi mnataka na mchana acheze ngoma? Acheni alale."

Akageuza mgongo, akachuchumaa, na Tatsuyo akampandisha mzee kwa mara ya pili siku ile, upande wa bega zima, akamfunga kwa kile kitambaa kirefu cheupe ili asianguke. Wakaupanda mlima. Njia nzima watu walikuwa wamekaa vibarazani, wana wali na samaki wa siki magotini, wanainama wakimwamkia mzee, wanapiga kelele za kumsifu, na Mitsugu aliwaitikia kwa niaba yake, nyumba hadi nyumba. Damu yake ilidondoka juu ya vile vijiua vya chungwa vilivyomwagika njiani. Tatsuyo alifuata akishikilia mgongo wa maiti kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtiririka bila sauti, na watu walidhani ni ya furaha.

Uchochoroni kwao hapakuwa na mtu. Mitsugu alisimama mbele ya mlango, akatazama ile alama ya gundi iliyobaki.

"Utaandika nyingine," alisema.

"Nitaandika. Niseme amekufa saa ngapi?"

Mitsugu alimweka babu yake sawasawa mgongoni, akauma meno kwa maumivu ya bega. Tangu asubuhi hakuwa amemwita mama.

"Sema jioni, mama," alisema. "Waache kwanza wamalize kula."